Hatuombi Miche, Tunaomba Tenki

Kwa wazazi, majirani, waumini wa kanisa na wa msikiti, wenye ploti na wapangaji, mliosoma hapa mkahama, na ninyi mlio ughaibuni ambao mkiulizwa kwenu bado mnajibu Dandora:

Tunawasalimu kwa heshima. Barua za harambee huzunguka sana kabla ya kufika kwenye pesa, kwa hiyo tuanze na pesa. Tunahitaji shilingi 277,000 za kuweka matenki mawili ya lita 10,000 kila moja. Yatavuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la ukumbi wa kanisa, na maji hayo yatamwagilia bustani ya shule iliyo upande wa pili wa ukuta. Kufikia sasa tumekusanya 61,500. Zimebaki 215,500, na tunazitafuta kabla ya Septemba kuisha kwa sababu vuli haingoji kamati ikae kikao.

Wengi mmetuuliza kwa nini tenki na si miche. Miche hatujawahi kukosa. Kila mvua zikianza kuna pikapu inayoingia mtaani na miche: leo ya shirika, kesho ya mgombea, keshokutwa ya vijana wenye fulana mpya. Picha hupigwa, mashimo hufukiwa, pikapu ikaondoka. Serikali yenyewe ilitupa sikukuu ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023, na Mei 10 mwaka uliofuata, baada ya mafuriko yaliyotusomba, siku ya kuwaomboleza waliofariki ikawa pia siku ya kupanda miti. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hatuna neno na hilo, na tulipanda. Ila sikukuu ya kumwagilia hatujaisikia ikitangazwa. Ikifika Februari, aliyepanda yuko kazini Industrial Area, na mche umebaki na jua na mbuzi wa jirani.

Profesa Wangari Maathai alilijua hili mapema kuliko sisi. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wanawake wenzake waliandamana kutoka KICC, jumba la mikutano katikati ya jiji, hadi Kamukunji, hapa hapa Eastlands, wakapanda miti saba. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Green Belt Movement, vuguvugu lake la kupanda miti. Mingi ya miti ile haikudumu. Baadaye, vikundi vya akina mama vilipoanza kulipwa kwa kazi ya miche, malipo yalihesabiwa kwa mche uliopona, si kwa mche uliochimbiwa shimo. Kamati yetu imechukua kanuni hiyo kama ilivyo: hatuhesabu ulichopanda, tunahesabu kilicho hai Machi.

Sasa kuhusu bustani yenyewe, kwa wale ambao hawajapita karibuni. Ina magunia 60 ya mboga: sukuma wiki, managu, terere, kunde na spinachi kidogo. Pembezoni mwa uwanja kuna miparachichi, mipera na mipapai. Hatulimi ardhini, na sababu si uchache wa nafasi peke yake. Dampo la Dandora lilianza kutumika mwaka 1975 na likatangazwa kujaa mwaka 2001, lakini taka zinamwagwa mpaka leo na moshi wake mnaujua. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na dampo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi haiozi wala haioshwi na mvua ikaisha. Inakaa kwenye udongo wa juu, inapeperuka na vumbi, na mtoto anayecheza chini anaila kwa vidole. Mboga za majani na za mizizi zikioteshwa kwenye udongo wa namna hiyo ndizo za kuogopwa zaidi. Matunda ya miti hayabebi kiasi kikubwa, ndiyo maana miti ya matunda tumeipanda ardhini na mboga tumezipandisha kwenye magunia, kwa udongo mwekundu unaoletwa na lori kutoka upande wa Kiambu.

Na mto? Mto Nairobi uko pale chini, una maji mwaka mzima, na kuna watu wanaomwagilia mboga kwa maji yake kisha mboga hizo zinauzwa sokoni. Hatuwahukumu, kila mtu na njaa yake. Lakini sote tunajua kinachotiririka mle tangu mjini mpaka hapa, na hatutamlisha mtoto wa mwenzetu kitu tulichokiona kinatoka wapi.

Mtu akitaka kuona kwa nini maji ndiyo kila kitu, aje atazame gunia moja likijazwa. Unachukua gunia la kilo 90, unakunja mdomo wake, unaweka chini ndoo ndogo isiyo na kitako. Ndani ya ndoo unajaza kokoto, pembeni yake unajaza udongo uliochanganywa na samadi na mboji. Udongo ukifika ukingo wa ndoo, unaivuta ndoo juu taratibu, kokoto zinabaki zimesimama katikati, unajaza tena. Unaendelea hivyo mpaka juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe ndani ya gunia, na maji yakimiminwa juu yanashuka kupitia nguzo hiyo na kusambaa pande zote, mpaka chini. Kisha unatoboa matundu ubavuni, mapana kiasi cha vidole viwili, yasipangane wima, na kila tundu linapewa mche. Gunia moja hubeba miche 30 kwa urahisi mahali ambapo ardhini ungepanda minne. Mwenye jiko la kusimama mguu mmoja anaweza kulima.

Ubaya wa gunia ni mmoja: linakauka haraka. Jua linalipiga juu na ubavuni, upepo unamalizia. Siku mbili bila maji, majani ya chini yanakuwa ya njano. Siku nne, umepoteza yote ya ubavuni. Kila gunia linataka lita 5 kwa siku wakati wa kiangazi, kwa hiyo magunia 60 yanataka lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20. Mnajua bei ya mtungi maji yakiwa ya mgao. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini, na bwawa likishuka, mtaa wetu si wa kwanza kukumbukwa. Mkokoteni ukianza kuuza mtungi shilingi 20, bustani inakula 300 kwa siku kabla haijatoa hata jani moja, na mzazi aliye na akili timamu atapeleka maji hayo kwenye sufuria yake. Sisi pia tungefanya hivyo. Mfereji wa shule ni wa watoto kunywa na kunawa, na tumekubaliana na mwalimu mkuu kwamba bustani haitaugusa.

Wakati huo huo, kila mvua ikinyesha, paa la ukumbi wa kanisa linamwaga maji kwenye kichochoro na kuharibu njia. Paa lile lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 7, yaani mita mraba 140. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita mraba moja ni lita moja. Tukitoa moja ya tano inayorukia nje na kukauka juu ya mabati, kila milimita inatupa lita 112. Mvua ya milimita 30, ile ya jioni moja ya Aprili inayotuzuia Donholm kwenye matatu, ni lita 3,360. Matenki mawili yatajazwa na milimita 180 hivi, na vuli ya kawaida ya Nairobi inazidi hapo. Lita 20,000 zikigawanywa kwa 300 ni siku 66. Hizo zinatuvusha Januari na Februari zote, zikabaki siku chache za kungojea masika.

Maji hayo si ya kunywa, na tutaandika hivyo kwenye tenki kwa rangi nyekundu. Vumbi na moshi wa dampo hutua juu ya mabati, kwa hiyo bomba litakuwa na njia ya pembeni ya kuachia maji ya kwanza ya kila mvua yaende zake, ndipo yanayofuata yaingie tenki. Ni kipande cha bomba na kifuniko, fundi yeyote wa mtaa anakiweza.

Fedha zitakwenda hivi. Matenki yote mawili ni 170,000 pamoja na usafiri. Jukwaa la mawe na saruji la kuyakalia ni 38,000, na hapo hatutabana: tenki la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani kumi, nalo litasimama penye watoto. Gata na mabomba ni 32,000, ufundi 25,000. Zilizobaki, 12,000, ni za kupeleka sampuli za udongo maabara, wa kwenye magunia na wa chini ya miti. Baadhi ya wanakamati waliona hiyo ya mwisho ni anasa. Mimi katibu niliitetea, na nitaendelea kuitetea: mzazi akiuliza kama mboga ni salama, nataka kumwonyesha karatasi, si kumpa maneno matamu.

Mboga zinakwenda wapi? Tangu mwaka 2023 watoto wa shule za umma Nairobi wanapata chakula cha mchana kupitia Dishi na County, mpango wa kaunti, mzazi akichangia shilingi 5 kwa sahani, na mzigo mkubwa umetuondokea. Lakini Jumamosi na Jumapili hakuna sahani, na likizo hakuna. Kwa hiyo tunavuna Ijumaa mchana, na watoto ambao walimu wanajua hali ya kwao wanaondoka na fungu kwenye begi. Halitangazwi, halipigwi picha, na tunaomba liendelee hivyo. Linalobaki tunawauzia akina mama mboga wa hapa langoni kwa bei inayowaachia faida, na pesa hiyo inanunua mbegu. Kiangazi kilichopita fungu la sukuma la shilingi 20 lilifika mahali majani yake unayahesabu kwa mkono mmoja, na ndicho kipindi ambacho magunia yetu yalikuwa yamekauka. Hiyo ndiyo iliyotuuma na kutufanya tuandike barua hii.

Kazi ya kila siku inafanywa na watoto wa 4K Club (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, kama wazee wetu walivyoimba shuleni) wakiwa na mwalimu wa kilimo, na wakati wa likizo zamu zinachukuliwa na wazazi. Mama mmoja wa ploti za nyuma, mwenye umri wa bibi yangu, ndiye anayekagua wadudu. Anasaga pilipili na kitunguu saumu, anachuja, ananyunyiza jioni, na hataki kuona mtu na dawa ya dukani karibu na kunde zake.

Mchango wako unaweza kuwa wowote. Shilingi 50 zinaandikwa kwenye daftari kama zinavyoandikwa 50,000, na daftari litasomwa hadharani kila Jumapili baada ya ibada ya pili na kubandikwa kwenye ubao wa shule Jumatatu. Usiye na pesa, tunahitaji magunia makuukuu, kokoto, samadi iliyokaa (mbichi inaunguza mizizi), na maganda ya mboga na ndizi kwa ajili ya mboji. Wenye vibanda vya chakula, msitupe mabaki ya jikoni mtaroni. Tuwekeeni kwenye ndoo, watoto watapita kuchukua. Nyama na mafuta hapana, panya wa Dandora hawahitaji kuhimizwa.

Pesa zipitie Paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) ya kikundi, ambayo imeandikwa kwenye kadi za mchango na kwenye bango la lango la shule. Mlio mbali, mwombeni ndugu au rafiki mnayemwamini awapigie picha kadi yenye muhuri. Mtu yeyote akiwatumia namba yake binafsi akisema ni ya bustani, hata kama ni mwanakamati, hata kama ni mimi, msitume. Watia saini wa akaunti ni watatu, mmoja mzazi, mmoja mwalimu, mmoja mzee wa kanisa, na hakuna pesa inayotoka bila wote watatu.

Kuna walioshauri tuite mgeni wa heshima. Tulipiga hesabu ya tenti, viti, spika na soda, tukaona tumefika nusu ya tenki kabla hajapanda jukwaani. Viongozi wetu mnakaribishwa kama majirani wengine, na maikrofoni haitakuwepo.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kuanzia saa mbili asubuhi, tunachimba msingi wa jukwaa. Fundi amekubali kusimamia siku hiyo bure. Njooni na majembe, sururu na karai, na mwenye mkokoteni aje nao, maana lori la mawe haliwezi kuingia kichochoroni na itabidi tuyabebe kutoka barabarani. Uji utakuwepo, kikombe uje nacho.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya bustani