Barua ya Wazi kwa Wanafunzi wa Urubani: Kuhusu Maji Tangini

Wanangu mnaosomea urubani,

Ninawaandikia kutoka Kisumu nikiwa bado na uchungu wa Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimeketi kando ya kiwanja kimoja kidogo cha ndege, nikamwona mmoja wenu akija na shati jeupe lililopigwa pasi na wenzake watatu wa kumpiga picha. Akaizunguka ndege mara moja, akaligonga bawa kwa kiganja, akapanda. Kijana anayejaza mafuta akamuuliza kwa adabu, "Bosi, umetoa maji tangini?" Akajibiwa, "Kazi yako ni kujaza, yangu ni kuruka." Ndege iliruka ikarudi salama, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana sasa anaamini alifanya sawa.

Nimekuwa fundi wa ndege miaka 31. Hebu niwaeleze hayo maji. Ndege ikilala nje hapa kando ya ziwa na tangi nusu, hewa yenye unyevu iliyo juu ya mafuta hupoa usiku, ikawa matone. Mvua nayo hupenya kwenye kifuniko ambacho mpira wake umezeeka. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutuama chini kabisa, na injini ikiyanyonya badala ya mafuta huzimika. Ndiyo maana kuna vali ndogo chini ya bawa: unaisukuma kwa kijichupa, unakinga, unakiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu. Maji yakiwemo utaona mstari, buluu juu, maji chini.

Asubuhi moja rubani alinionyesha kijichupa chake akasema, "Safi kabisa, hakuna mstari." Nikakinusa. Hakikunuka kitu. Nikamimina kidogo kiganjani, nikangoja. Petroli ingekauka upesi, haya yakabaki. Kijichupa kizima kilikuwa maji! Tulikinga vijichupa sita kabla buluu haijatokea. Abiria walikuwa wameshafika, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni, na mtoto yule alikuwa akiichekea propela. Sijamsahau.

Basi msitafute mstari tu. Tazameni rangi, nuseni. Kila tangi, na kichujio cha injini pia. Kabla ya safari ya kwanza ya siku, na kila mkishajaza, baada ya kuyapa maji muda wa kutuama.

Mengine mtafundishwa, nayataja tu. Bawa huacha kuibeba ndege pembe yake dhidi ya upepo inapozidi, hata mwendo ukiwepo; shusheni pua kwanza. Eldoret iko karibu futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 3,700, na injini ya kawaida ya pistoni hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Njia ya kurukia iliyowatosha hapa isiwadanganye kule, hasa jua likiwaka. Mawingu ya alasiri juu ya milima ya Nandi, msiyajaribu.

Lakini kosa si lenu peke yenu. Sisi wazazi tunauza shamba, tunaita harambee, kisha kila jioni tunawauliza mtaivaa lini ile mistari ya mabegani. Leseni ya kwanza inataka angalau saa 40 za kuruka, nasi tumewafanya mzihesabu kama deni la dukani. Tena tumewalea mkiamini kwamba mwenye mikono ya grisi hana la kumwambia mwenye shati jeupe. Mimi nimewahi kuonywa na mfagiaji wa karakana kuhusu tairi, na alikuwa amesema kweli.

Wewe kijana wa Jumamosi, kijichupa chako ulikisahau juu ya pipa la mafuta. Yule kijana amekufutia na kukuwekea. Mwombe radhi kwanza, ndipo umwombe kijichupa.

Ni mimi baba yenu,
Fundi mstaafu, Kisumu