"Hongera kwa Kustaafu": Barua kwa Waliotutengenezea Sarafu

Nakuru,
26 Oktoba 2022

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: SARAFU 45 ZA KUMBUKUMBU ZA ASKARI WA JIJI LA NAKURU

Natumai barua hii itakufikia ukiwa salama. Sisi huku si salama sana, na sababu ni ofisi yako ya Nakuru.

Sitakueleza oda hupokelewa vipi kwenu. Masharti ni yenu, yamechapishwa nyuma ya risiti, na la nne linasema hakuna kitakachopigwa muhuri kabla mteja hajatia sahihi kwenye mchoro. Mchoro tulitia sahihi. Ninao hapa mezani, na kilichotoka kwenye masanduku yenu hakifanani nao. Ingekuwa ni hilo peke yake, barua hii ingekuwa fupi na ya upole. Lakini Ijumaa tarehe 21 mfanyakazi wako, yule kijana wa mapokezi mwenye simu mbili, aliichukua sarafu ya marehemu koplo, akasoma maandishi ya nyuma, "Hongera kwa Kustaafu", akamtazama mjane wake usoni na kusema: "Si hata yeye amestaafu tu, mathe, kwa njia ingine." Halafu akacheka.

Rudia kuyasoma hayo, Bwana Meneja. Mimi nimeyarudia siku tano na bado hayajapungua makali.

Mimi ni katibu wa kamati ya usalama ya soko letu. Tulilipa dipositi tarehe 5 Septemba. Siku hiyo naikumbuka vizuri kwa sababu Mahakama ya Juu ilikuwa ikitoa uamuzi wa kesi ya urais, na ofisini kwenu hakuna aliyekuwa na haja na mteja. Wote walikuwa wamekodolea runinga macho. Nilisimama pale na shilingi 27,000 za watu kwenye simu nikingoja mtu anipe namba ya kulipia. Pesa zile zilichangwa hamsini hamsini, mia mia, na watu wanaouza sukuma wiki na nyanya. Kuna mama wa viazi aliyenipa sarafu za shilingi ishirini zilizofungwa kwenye leso, zile za tembo, nikazihesabu mbele yake hadi ya mwisho. Sarafu 45 kwa shilingi 800 kila moja, na 9,000 za kalibu, ile chapa ya kupigia sarafu. Elfu arobaini na tano. Salio la 18,000 tulimaliza tarehe 19 Oktoba, saa kumi na moja jioni, mkesha wa Sikukuu ya Mashujaa. Mlituahidi wiki tatu. Zilikuwa sita na ushei.

Mchoro ulisema hivi: mbele, heroe mmoja wa Ziwa Nakuru amesimama kwa mguu mmoja, juu yake JIJI LA NAKURU, chini yake UTUMISHI KWA WOTE, rangi ya buluu ya zile sare za polisi zilizozinduliwa 2018. Nyuma, jina la kila askari na maneno yake, yachongwe kwa leza. Upana milimita 44, unene milimita 3, shaba.

Tulichopata ni ndege mwenye shingo fupi ambaye wajukuu wangu wamemwita bata bila kuulizwa. Buluu imekuwa zambarau. Upana ni milimita 38. Nimepima kwa rula ya shule. Na juu pameandikwa MJI WA NAKURU. Mji! Hati ya jiji tulipewa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 1 Desemba 2021, hata mwaka haujaisha, tukawa wa nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ninyi wa Nairobi mmezaliwa mkiitwa jiji, hamwezi kujua. Sababu nzima ya kuandika neno lile ilikuwa kwamba hawa ndio askari wa kwanza kutulinda tukiwa jiji.

Nisieleweke vibaya. Sijaamka asubuhi moja nikawa mpenzi wa polisi. Mimi nimefanya biashara Nakuru miaka ishirini na tatu, nimekimbizwa, nimemwagiwa mzigo, na najua soko linavyosema karao anapopita. Lakini kuna wakati tulikuwa tukiibiwa kila alfajiri kati ya stendi na lango la soko, saa kumi, giza totoro, mama mmoja na gunia lake. Marehemu koplo ndiye aliyeanza kusimama pale. Hakutumwa. Alikuwa akitoka zamu ya usiku, badala ya kwenda kulala anatungoja na tochi, anatusindikiza watano watano. Wenzake wakaanza kupokezana naye. Mwaka jana aligongwa na lori usiku, akiongoza magari kwenye ajali kule Salgaa, barabara ile ile iliyotupa moto wa lori la mafuta wa Sachangwan 2009 na ambayo bado haijashiba. Hao ndio tuliotaka kuwashukuru: askari 40 walio kazini, wanne wanaostaafu, na yeye.

Tulitaka sura yake iwe kwenye sarafu. Yule kijana, ndiye huyo huyo, alituambia Septemba kwamba haiwezekani, Katiba imekataza picha ya mtu kwenye sarafu. Tukakubali kama wajinga. Juzi mwanangu amenisomea kifungu cha 231: kinahusu noti na sarafu zinazotolewa na Benki Kuu, pesa za kununulia mkate, ndiyo maana zile za 2018 zina twiga na kifaru na simba. Kitu chetu si pesa. Kwa hiyo koplo alinyimwa sura kwa uongo, au kwa uvivu, akabakiwa na maneno peke yake. Tuliandika "Tutakukumbuka Alfajiri". Maneno mawili. Nayo mkayakosea.

Desturi hii ya sarafu si yetu, nakubali. Imetoka katika majeshi ya Marekani, na mmoja wa wastaafu wetu aliiona kwenye mafunzo akatusimulia: sarafu haitolewi kwenye sahani wala bahasha. Anayeitoa huificha kiganjani, akampa mwenzake mkono, na mwenzake huihisi kabla ya kuiona. Tulilipenda jambo hilo. Tukalifanyia mazoezi hadi tukachekana.

Sasa Sikukuu ya Mashujaa, ukumbi umejaa, pilau iko motoni, mimi ndiye niliyempa mjane mkono. Nilihisi sarafu ikihama kutoka kiganja changu kwenda chake. Hakuitazama. Alifunga ngumi, akaenda kuketi, na nikamwona akipitisha kidole gumba juu ya maandishi polepole, kama mtu anayesoma gizani. Kisha kidole kikasimama. Akafungua mkono. Hakusema kitu. Aliifunga ndani ya kitambaa na akakaa hadi mwisho wa sherehe, akala, akashukuru watu. Alinionyesha tukiwa nje, tukingoja matatu.

Utauliza kwa nini sikuzikagua. Kwa sababu tarehe 19 nilipotaka kufungua sanduku niliambiwa nisifungue, zitashika alama za vidole na kupoteza mng'ao. Nilikuwa nimelipa tayari. Nikatii.

Basi Ijumaa tukaja kwenu, mimi na yeye. Hapo nilipofupisha mwanzoni nataka sasa usikie yote, maana najua mtaulizana na yule kijana atasema alitania.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Mjane alikuwa amevaa rinda jeusi lile la misa, kwa sababu alidhani anakwenda mahali pa heshima. Nilianza kwa salamu. Nikasema, mwanangu, kuna kosa hapa na si dogo. Akajibu bila kuinua macho: "Polisi na kitu kidogo, mathe, hao wanaelewana." Mwenzake wa kompyuta akacheka. Nikanyamaza, maana utani huo ni wa nchi nzima, na askari wenyewe wamechangia kuutunga. Nikaweka sarafu mezani. Nikamwambia huyu ndiye mke wa mwenye jina hili, na mumewe hakustaafu, alikufa kazini. Nilisema hivyo, Bwana Meneja. Alijua. Aliposema yale maneno hakuwa amebabaika, alikuwa ameshaambiwa nani amesimama mbele yake. Akaisoma kwa sauti, "Hongera kwa Kustaafu", akamwangalia mwanamke yule na kusema, "Si hata yeye amestaafu tu, mathe, kwa njia ingine." Akaitupa mezani. Haikutulia. Ilizunguka ukingoni, ikaanguka, ikabingirika chini ya viti vya wageni.

Walikuwa watu wanne kwenye chumba kile wenye magoti mazima. Hakuna aliyeinama. Mjane ndiye aliyepiga magoti kwenye sakafu yenu na rinda lake la misa, akanyoosha mkono chini ya kiti, akaitoa, akaipangusa kwa kiganja. Alipoinuka yule kijana alikuwa kwenye simu, ile nyingine.

Baadaye tu ndipo akatuambia masharti: mzigo uliopokelewa haurudishwi, na tukitaka kurudishiwa chochote tulete zote 45 zikiwa kwenye vifuko vyake. Wewe unayajua masharti yako. Nionyeshe yanaposema hivyo wakati kosa ni la kiwanda.

Na hiyo shaba. Invoisi imesema shaba. Jumapili fundi redio wa pale sokoni alichomoa sumaku kwenye spika mbovu akaisogeza karibu na sarafu tatu, na zote tatu zikaruka na kung'ang'ania kama kupe. Shaba haifanyi hivyo, hata mtoto wa darasa la sita anajua. Mmetuuzia chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu kwa bei ya shaba, mkaandika shaba.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba sarafu mpya 45 ndani ya siku kumi na nne. Kamati ilikuwa imenituma niombe hivyo. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona siwezi kuwapa tena wale askari kitu kilichopitia mikononi mwenu. Kwa hiyo tunadai pesa zote, shilingi 45,000, pamoja na hizo 9,000 za kalibu, msije mkasema kalibu ni kazi iliyokwisha fanywa. Kalibu ya bata si kazi yetu.

Tena pesa peke yake hazitoshi. Utakuja wewe mwenyewe Nakuru, na yule kijana ukiwa naye. Hamtakuja sokoni, sitaki onyesho. Mtakwenda nyumbani kwa mjane, mtakaa, mtapewa chai kama ilivyo kawaida yetu, na kijana ataomba radhi akiwa ameketi mbele yake, si kwa SMS wala kwa barua yenye muhuri. Msimfukuze kazi kwanza ndipo mseme hayupo. Namtaka awepo.

Nimekupa siku saba kuanzia leo. Zikipita nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako dai la hadi milioni moja halihitaji wakili na sheria inataka uamuzi ndani ya siku sitini. Nitadai na gharama ya ukumbi, na pilau, na nauli. Nakala ya invoisi yenye neno "shaba" na video ya sumaku zitakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, maana Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 haikuandikwa kwa ajili ya watu wa Nairobi pekee. Na kabla hujadhani natisha kwa maneno: ukutani kwenu Nakuru kuna picha za vikombe na nishani mlizotengenezea shule, makanisa na vikosi. Nilipokuwa nikingoja runinga iishe tarehe 5 Septemba niliwahesabu wateja wale mmoja mmoja. Wengi nawajua. Wengine wananunua mboga kwangu.

Wako kwa heshima ambayo bado naishikilia,

Katibu, Kamati ya Usalama ya Soko
Nakuru

Tanbihi: Sarafu 44 ziko kwangu ndani ya vifuko vyake, mtazipata siku mtakapoleta pesa. Ya 45 msiiulize. Mjane ameikwangua nyuma kwa msasa hadi "Hongera kwa Kustaafu" ikafutika na jina likabaki. Palipokwanguliwa pameshaanza kushika kutu.