YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA KUFYONZA USO NA KUDHALILISHWA DUKANI KWENU

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima, ingawa mimi heshima hiyo sikuipata dukani kwenu.

Mashine yenyewe ni ile ya kuchaji, ya kufyonza vidoti vyeusi vya usoni, mnayoiuza kila siku. Pale kaunta mmebandika wenyewe tangazo kwamba bidhaa inaweza kurudishwa ndani ya muda maalumu. Nilikuja ndani ya muda mliouweka, nikiwa na boksi, chaja na risiti ya EFD.

Nilipovua barakoa ili msimamizi wenu wa zamu aone alama ambazo mashine iliniachia mashavuni, alinishika kidevu bila kuniomba, akanigeuzia uso kwenye taa ya kabati la manukato, akawaambia waliokuwa foleni: "Haya ndiyo yanayompata mtu asiyejua kusoma." Watu wakacheka. Mhudumu wa pembeni naye akacheka.

Kusoma nini, ndugu Meneja? Karatasi iliyomo ndani ya boksi ni ya Kichina mwanzo hadi mwisho. Kiswahili pekee kilichopo ni stika mliyobandika nyinyi: "Salama kwa ngozi zote, haina madhara." Hiyo niliisoma, nikaiamini, nikatoa shilingi 65,000.

Nilifuata maelekezo ya muuzaji wenu. Nilinawa kwa maji ya uvuguvugu, nikawasha taa ya kwanza, yaani nguvu ya chini kabisa, nikawa nakisogeza kile kichwa cha duara bila kukituliza mahali pamoja. Puani hakikuleta shida. Kilipofika shavuni kiling'ang'ania, ngozi ikavutwa ikajaa ndani ya kile kitundu, na hata nilipozima hakikuachia mpaka nilipopenyeza ukucha pembeni hewa ikaingia. Asubuhi yake nikaamka na miduara ya zambarau, saizi ileile ya kichwa cha mashine, kama niliyegongwa mihuri usoni. Sasa imekuwa myeusi.

Daktari wa ngozi ameniambia kwamba mishipa midogo ilipasuka, damu ikavilia chini ya ngozi, na kwamba ngozi nyeusi ikiumia huzalisha rangi nyingi palepale ilipoumia. Weusi huo unaweza kukaa miezi. Akanieleza pia kwamba vile vidoti vyeusi vya puani si uchafu wa kufyonzwa. Ni mafuta na seli zilizokufa, vimeziba kitundu, na juu vimekuwa vyeusi kwa kukutana na hewa. Tena vingi vya vile vya kijivu ni mafuta ya kawaida, ukivitoa leo vinajaa upya. Mwenye chunusi zilizovimba, au anayepaka dawa za chunusi zenye tretinoini, hatakiwi kuisogeza mashine hii kabisa usoni. Je, muuzaji wenu huwa anamuuliza mteja hata swali moja kabla ya kupokea hela?

Haulizi. Siku ile niliyokuja kuirudisha, nyuma yangu alisimama binti mdogo, mashavu yamejaa chunusi mbichi, ameshika boksi lile lile. Aliuziwa. Aliuziwa baada ya muuzaji wenu kuuona uso wangu!

Narudia lile tukio, maana nataka lisomwe mara mbili hapo ofisini kwenu. Mwanamume nisiyemjua alinishika kidevu mbele za watu. Nilimwambia, "Kaka, naomba uniachie." Hakuniachia, akanigeuza upande wa pili ili na wale wa mlangoni waone. Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo hapo, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Picha zote za siku hiyo nimejificha nyuma ya shangazi zangu. Msimamizi alipomaliza kunionyesha kama bidhaa ndipo akaigonga risiti yangu kidole: "Dada, mali ikishauzwa hairudishwi." Hilo tangazo la kaunta basi mmelibandikia nani?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai fedha zangu tu. Sasa nadai 65,000 zangu, gharama zote za daktari na dawa mpaka alama ziishe, na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi ya msimamizi huyo na yako. Stika ile itolewe kwenye maboksi yote, na mashine zisiuzwe mpaka ziwe na maelekezo na tahadhari kwa Kiswahili. Radhi hiyo muibandike pia pale kaunta, kwa herufi kubwa kama za lile tangazo lenu, kwa sababu sikudhalilishwa chumbani.

Nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa. Boksi lenye stika yenu nitalipeleka Shirika la Viwango, TBS, walione wenyewe. Kuhusu kushikwa mwili bila ridhaa yangu, hilo nitalifikisha polisi, na mdogo wangu yuko tayari kutoa ushahidi. Msinipigie simu kuniomba tuyamalize. Nijibuni kwa maandishi.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, cheti cha daktari na picha za uso wangu.

Wako,
Mteja mwenye risiti iliyoambatanishwa