Sahibu yangu, kuhusu ule mwongozo wako wa Linux

Asalaam aleikum yakhe,

Natumai weye na wa nyumbani kwako hapo Mwanakwerekwe nyote hamjambo, sie huku Wete wazima alhamdulillahi, mvua zishaanza na njia ya mtaani kwetu imekuwa tope tupu lakini mambo yanakwenda. Mwongozo wako wa kuinstoli Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, umenifika, nimeusoma wote kisha nikaurudia, na kwa vile umeniomba nikwambie ninachokiona basi ntakwambia bila ya kuzunguka, maana kazi hii naipenda na naona watu wanaihitaji sasa hivi kuliko wakati wowote.

Wanaihitaji kwa sababu unazijua laptopu zilizopo kwetu, nyingi za mtumba, nzima, zinawaka vizuri, lakini Windows 10 ndo hiyo muda wake wa matengenezo uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inataka kitu kinaitwa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, ambacho laptopu nyingi za zamani hazina, kwaio mwalimu wa skuli au kijana aliyejikusanyia pesa zake anaambiwa anunue mashine nyengine ilhali ya kwake haina tatizo lolote. Linux Mint, hiyo aina ya Linux unayoifundisha, inaridhika na RAM ya GB 2, ikipata 4 ndo raha, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Yaani mashine ipo, programu ipo bure, kinachokosekana ni mtu wa kumuelekeza huyu mwalimu kwa lugha yake na kwa hali yake. Ndo wewe huyo.

Sasa tuje kwenye mwongozo wenyewe. Umeanza na historia, Richard Stallman na mradi wake wa programu huru GNU mwaka 1983, Linus Torvalds akiianzisha Linux akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, kisha aina zake, Debian mwaka 1993, halafu Ubuntu ya yule Msauzi Mark Shuttleworth mwaka 2004. Yote kweli na umeandika vizuri, lakini mtu aliyeshika laptopu yake pekee, yenye picha za harusi ya dada yake na mitihani yote ya darasa lake, hapo hamuwazii Stallman, anawaza vitu vyangu vitapotea au havitapotea. Ukurasa wa kwanza umjibu hilo. Mwambie achukue diski ya nje au flashi kubwa, anakili nini na nini, halafu afungue mafaili mawili matatu kutoka kwenye ile nakala ahakikishe yanafunguka, na kama Windows yake imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, basi autafute ufunguo wake wa kuokolea na auandike karatasini kabla hajagusa chochote. Historia iweke mwisho, ataisoma kwa furaha mashine ikishawaka.

Lakini jambo kubwa hasa ninalotaka kukwambia ni hili, kila hatua uliyoandika inamwambia mtu afanye nini, hakuna hata moja inayomwambia ataona nini akishafanya. Na mgeni wa Linux hapo ndo anapopotea. Mtu akikuuliza njia ya kwenda nyumba fulani ndani ya Mji Mkongwe humwambii kata kulia kata kushoto ukamuacha, unamwambia utapita msikiti, utaona mlango mkubwa wa nakshi, ukiona bahari ujue umepitiliza rudi nyuma. Ile "ukiona bahari rudi" ndo inayokosekana kwenye miongozo mingi ya Linux niliyowahi kusoma, ya Kiingereza nayo pia, kwa sababu anayeandika njia ashaizoea na kichwani mwake hakuna kupotea.

Chukua pale ulipoandika "washa mashine kwa flashi", yaani ianze na Linux iliyomo kwenye flashi badala ya Windows. Kwako weye ni hatua moja, kwa mgeni ni usiku mzima. Dell na Lenovo nyingi unabonyeza F12, HP ni Esc kisha F9, na unatakiwa ubonyeze mara tu ukishawasha, tena mara kadhaa, kabla nembo haijapotea. Mwandikie hivo. Halafu mwambie ukifanikiwa utaona orodha yenye jina la flashi yako, na ukiona Windows imewaka kama kawaida basi hujaharibu kitu, umechelewa kubonyeza tu, zima ujaribu tena. Sentensi hiyo ya mwisho inamtoa mtu hofu, na mtu mwenye hofu hasomi tena, anafunga laptopu anairudisha kwenye mkoba na anamwambia kila mtu Linux ngumu.

Pahala pa pili, na hapa naomba usipite mbio, ni ule ukurasa wa kuinstoli ambapo mashine inauliza uwekwe wapi mfumo mpya. Kwenye Mint 22 mtu ataona chaguo la kuweka pembeni ya Windows, chaguo la "Erase disk and install Linux Mint", na la tatu "Something else". Weye umeandika "chagua unalotaka". Yakhe, hapa ndo pahala pekee kwenye kazi nzima ambapo kubofya vibaya kunaondoka na kila kitu! Lazima umwambie kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba lile la kufuta linafuta diski nzima, si Windows peke yake, picha zinakwenda, mitihani inakwenda, na faili alizoweka D nazo zinakwenda kama D ipo ndani ya diski hiyohiyo, maana watu wetu wengi wanaamini kilichopo D kiko salama siku zote. Na maneno ya vitufe yaandike kama yalivyo kwenye skrini, herufi kwa herufi, hata kama ni Kiingereza, halafu chini yake ueleze kinafanya nini, kwa sababu ukimtafsiria kitufe atakitafuta asikione.

Hapohapo mwambie laptopu iwe na chaji ya kutosha kabla ya kuanza. Umeme wetu unaujua. Na ukikatika katikati na betri ikafa, aanze upya kwa ileile flashi, yenyewe haiharibiki.

Saa nayo utaigusa kwa mstari mmoja tu. Kwenye kanda za saa Zanzibar haina jina lake, saa zetu ziko chini ya Dar es Salaam, mtu asije akahangaika kuitafuta.

Halafu lile la paswedi. Umeandika kwamba kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ukichapa paswedi baada ya sudo, amri ya kuomba ruhusa, hutoona kitu chochote, endelea tu kuchapa. Hilo ni kweli kwenye Debian na kwenye Ubuntu 24.04, na ni vizuri sana umelitaja maana wageni wengi hudhani kibodi imekufa. Lakini mwongozo wako ni wa Mint, na Mint inaonesha vinyota, wenyewe waliotengeneza wameiwasha hiyo. Sasa mgeni uliyemwambia hutoona kitu halafu akaona vinyota anasimama, anajiuliza pengine amekosea pahala. Jambo dogo hili lakini ndo linaonesha kwa nini kila mstari inabidi uuandike na laptopu mbele yako, kwa mfumo uleule unaomuelekeza mtu, sio kwa kumbukumbu ya mfumo mwengine. Na juu ya ukurasa wa kwanza andika umejaribu toleo gani na mwezi gani. Mint 22 imetoka Julai 2024 na itahudumiwa hadi 2029, kwaio anayeusoma mwongozo wako mwaka 2030 ataujua umezeeka, hatoulaumu wala hatojilaumu.

Kwenye amri za terminali naona umeweka nyingi mno. Punguza. Zile utakazoacha zifafanue neno kwa neno, kwa mfano `sudo apt update`, kwamba sudo ni kuomba ruhusa ya mwenye nyumba, apt ndo anayeleta na kuondoa programu, update ni kusoma upya orodha ya vilivyopo na wala haibadilishi programu yoyote, anayezibadilisha ni upgrade. Na ile amri ya dd ya kutengenezea flashi itoe kabisa, tafadhali, mtu akikosea herufi moja ya jina la diski anafuta diski yake badala ya flashi, na kwenye Windows zipo programu za Rufus na balenaEtcher, zinamuonesha flashi kwa jina na ukubwa wake.

Intaneti ndo kilio kikubwa na umekigusa mistari miwili tu. Mint yenyewe ni karibu GB 3, Ubuntu 24.04 karibu GB 6, kwa bando la simu hiyo ni pesa ya watu. Andika wazi kwamba mmoja akishadaunlodi wengine wote wanakili kutoka kwake, na kwamba si wizi, leseni zake zinaruhusu kabisa kunakili na kugawa, tena ndo lengo lake. Watu wetu wameshazoea programu za kuvunjwa, hawaamini kitu kinaweza kuwa bure na halali, waambie. Ubuntu walikuwa wakituma CD bure kwa posta dunia nzima hadi walipoacha mwaka 2011, sasa flashi zetu za mkono kwa mkono ndo zifanye kazi hiyo. Ila faili likipita flashi nyingi huweza kuharibika njiani, kwaio waoneshe na namna ya kulihakiki kwa sha256sum, amri inayotoa alama ya faili ya kulinganisha na ile waliyoitangaza wenyewe.

Na kama Wi-Fi haikuonekana baada ya kuinstoli, na laptopu zenye chipu za Broadcom mara nyingi huwa hivo, usimpeleke mgeni kwenye madraiva, zile programu zinazoendesha vifaa, moja kwa moja, hana intaneti atayadaunlodi vipi? Mwambie achomeke simu yake kwa waya wa USB, kwenye simu awashe ile ya kugawa intaneti kwa USB, mara nyingi Linux inaitambua hapohapo, halafu ndo afungue Driver Manager iliyomo ndani ya Mint imtafutie draiva. Hii peke yake itaokoa watu wengi huku Pemba.

Kuna pahala umeandika "kwa maelezo zaidi soma man", yaani kurasa za maelezo ya amri zilizomo ndani ya Linux. Iondoe hiyo kwenye mwongozo wa mwanzo. Hizo kurasa za man zinatokana na kitabu cha Unix, mfumo uliotangulia Linux, cha mwaka 1971, kina Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, na waliandikiana wenyewe kwa wenyewe, mtu anayejua tayari jina la amri na anataka kukumbuka herufi zake. Kwa kazi hiyo ni nzuri mno, naitumia kila siku, lakini mtu asiyejua aite nini hawezi kuuliza man chochote. Wanaoandika nyaraka za Ubuntu siku hizi wanafuata mpango wa Daniele Procida unaoitwa Diátaxis, wanatenga mafungu manne, somo la kujifunza, maelekezo ya kufanya kazi fulani, marejeo, na maelezo ya kwa nini mambo yako hivi. Weye yote manne umeyachanganya kwenye kurasa hizohizo, ndo mana mtu anachoka. Andika somo peke yake kwanza, hayo mengine yatakuja.

Halafu mtafute mtu ambaye hajawahi kuona Linux, mpe mwongozo na laptopu isiyo na kitu, ukae pembeni yake na usiseme neno. Hata akikuuliza, mwambie soma hapo. Nilifanya hivo na mwalimu mmoja hapa Wete kwa karatasi nilizoandika za kutumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia barua na hesabu, na nakwambia ile kunyamaza ni kazi nzito, mkono unawasha kutaka kushika mausi! Lakini kila aliposita nilitia alama kwenye karatasi, na alama zile ndo zilizoniandikia toleo la pili, mie nilifuata tu. Aliposita si pale nilipodhani pagumu, ilikuwa kwenye kuhifadhi faili, alitaka kujua limekwenda wapi, na mimi nilikuwa sijaandika hata neno kuhusu folda ya Home, mnamowekwa mafaili ya mtu.

Maneno kama "rahisi tu" na "bofya tu" yafute yote. Mtu akishindwa jambo uliloliita rahisi anajiona yeye ndo mwenye kasoro, na huyo huna tena.

Jengine, wakati mtu anainstoli, laptopu yake ndo iko kazini, hawezi kusoma mwongozo humohumo. Kwaio utoe PDF nyepesi inayosomeka kwenye simu, skrinshoti uzipunguze ukubwa, na nyengine ya kuchapisha karatasini nyeusi na nyeupe, na hapo angalia usije ukaandika "bofya kitufe cha kijani".

Ndo hayo. Mwongozo wako nimeuandikia pembeni kwa kalamu nyekundu kila nilipoona, nakutumia kwa mtu anayekuja na boti wiki hii pamoja na flashi yenye Mint 22 ambayo nishaihakiki. Ukishaandika upya ile sehemu ya kuchagua diski nitumie hiyo kwanza hata kama mengine bado, ntaijaribu na mtu mwengine hapa, yuko kijana wa skuli kaniomba mwenyewe. Nisalimie mama sana, na wadogo zako wote.

Wasalaam,
sahibu yako, Wete