Risala ya wavuvi wa Msangamkuu kwa mgeni rasmi, siku ya kupokea jaketi okozi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa kijiji, wazee wetu, mama zetu wachuuzi wa samaki na ndugu zangu wavuvi, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Ahsante sana kwa kupanda kivuko ukaja mwenyewe. Jaketi tumezipokea na tutazivaa, ila kuna jambo moja tunataka uende nalo, nalo ni hizi taarifa za hali ya hewa, nani atupe na kwa hela ya nani.

Vijana wetu siku hizi wanaona kwenye simu roketi za SpaceX, kampuni binafsi ya Marekani, zinapanda halafu zinarudi zinasimama wima, basi maneno ya diko zima ni kwamba serikali imeshapitwa, kila kitu waachiwe kampuni binafsi mpaka utabiri. Tumekaa tumeliongea, tukaona hapo vitu viwili vinachanganywa. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanya kazi, TIROS-1, ilirushwa na NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, mwaka 1960, enzi hizo ilikuwa kazi ya serikali. Leo kampuni zinarusha kwa bei nafuu maana roketi inatumika tena na tena, sawa kabisa, wapewe kazi. Juni 2024 Marekani waliipandisha setilaiti yao ya hali ya hewa GOES-U kwa Falcon Heavy, roketi ya SpaceX, Julai 2025 Ulaya nao wakaipakia MTG-S1 yao kwenye Falcon 9 ya hao hao. Lakini mzigo wa nani? Wa umma. Mwenye fuso akibeba korosho zako mpaka ghalani hajawa mkulima.

Halafu hizi programu za kwenye simu, nyingi zinachukua data ambazo serikali kama ya Marekani inazitoa bure, wanazipamba rangi wanatuletea tena na bando tunalipa sisi. Ukifungua inakwambia Mtwara jua na wingu kidogo, wakati nje ya ghuba kusi imeshachafua bahari na mwenye ngalawa yuko huko huko.

Mheshimiwa, wazee wanakijua kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952, hakukuwa na setilaiti hata moja juu. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipokuja, huku Mtwara watu walitangaziwa mapema wahame sehemu za hatari, kikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, yani ng'ambo ya Ruvuma tu hapo. Wako waliosema wamesumbuliwa bure, sisi tunasema heri usumbufu kama ule kila mwaka. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya, TMA, yani Mamlaka ya Hali ya Hewa yetu, walitoa tahadhari siku kadhaa kabla, kikatua Mafia tarehe 4, mafuriko yakakata barabara ya Dar na Lindi kule Somanga. Sasa tahadhari kama ile ingekuwa ya kuuzwa, mvuvi wa mtumbwi angeinunua na nini?

Hatukatai kampuni binafsi. Wakiwa na vipimo vizuri kutoka setilaiti zao ndogo serikali inunue, Marekani wanafanya hivyo, ila mkataba useme wazi kwamba onyo likitoka ni la wote na ni bure.

Na huku kwetu kasoro ipo. Utabiri wa kwenye taarifa ya habari unasomwa saa mbili usiku, na giza la mwezi likiingia boti za dagaa zinatoka jioni, kwahiyo wakati upepo na mawimbi yanatajwa wanaohusika wameshafika mbali na simu hazishiki. Hii kitu inatuuma sana maana taarifa ipo, imelipiwa, inachelewa tu kufika.

Tunaomba redio ya jamii isome utabiri wa bahari kabla ya alasiri, utabiri wa upande wetu huu mpaka Msimbati sio wa pwani nzima. Tunaomba ubao na bendera ya tahadhari hapa dikoni, bendera tutapandisha wenyewe. Na shule yetu ipatiwe kipima mvua, hata wenye mikorosho watajua siku ya kupuliza salfa isije ikaoshwa na mvua.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.