Mheshimiwa Waziri, kabla ya membreni tazama chekeche

Mheshimiwa Waziri wa Maji,

Mimi ni fundi wa mtambo wa majitaka katika hoteli moja ya ufukweni hapa Dar es Salaam. Ni mwaka wa tisa sasa nahangaika na membreni, yaani tando za kuchujia majitaka, na nakuandikia kwa sababu nazipenda na ningependa miji yetu izipate. Lakini zisije kama zilivyokuja kwetu.

Tangi letu linapulizwa hewa ili bakteria wale uchafu, kama mitambo mingine. Tofauti iko mwishoni. Hatusubiri tope litulie. Pampu inayavuta maji kupitia tando zenye vitundu visivyofika nusu ya mikromita, bakteria hapiti. Ndiyo maana tangi hubeba tope zito mara mbili au tatu ya lile la kawaida, na mtambo mzima ukatoshea nyuma ya jiko la hoteli. Kule Muscat, waliko ndugu zetu wengi, mtambo wa Al Ansab unaendeshwa hivyohivyo: maji yake yanamwagilia miti ya jiji, na kando yake pamekuwa na ziwa la ndege.

Sasa kilichotupata. Mwaka wa tatu chekeche la mwanzo, lile linalonasa takataka kabla hazijafika kwenye membreni, la matundu ya milimita mbili, lilichanika. Likaagizwa la milimita sita, kwa kuwa lilikuwepo dukani na bei yake nafuu. Miezi minne baadaye geji ya mvuto wa pampu ikapanda, maji yakawa yanatoka kwa kuchuruzika. Tukainua fremu ya membreni kwa cheni bloku. Nywele zilikuwa zimejisokota na nyuzi za taulo, nene kama kamba ya nazi, zimegandishwa na mafuta ya jikoni. Tulizichambua kwa vidole siku mbili. Tukaloweka kwa klorini kutoa ute, tukasuuza sana, ndipo tukatia asidi ya sitriki kutoa chokaa (viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya sumu, na kijana asiyefundishwa hawezi kulijua hilo). Robo ya membreni hazikupona. Bei ya membreni tano tu ingenunua chekeche sahihi.

Kwa hiyo naomba mkataba wa mtambo wowote wa mji utaje chekeche laini na la akiba, membreni za kubadilishia, na mafunzo ya waendeshaji kabla ya maji ya kwanza kuingia. Utaje na umeme, maana hewa ya kusugua membreni haipumziki, na mtambo huu unakula umeme mwingi kuliko wa kawaida.

Penye ardhi, mabwawa ya kusafishia majitaka kama ya Vingunguti yasidharauliwe. Yanataka kuzolewa tope kwa wakati, basi. Jua letu linafanya mengine bure. Membreni zipelekwe palipobana kama Kariakoo, au panapohitajika maji ya kumwagilia. Hata hapo chumvi ipimwe kwanza, kwa sababu membreni hizi haziichuji, na bomba la majitaka linaloingiza maji ya bahari litaunguza bustani.

Ukienda kukagua mtambo, watakupa glasi ya maji maangavu uitazame. Omba pia stoo ya vipuri na daftari la kumbukumbu za kuosha membreni. Letu liko wazi kwako siku yoyote, na kurasa za ile miezi minne zimo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa majitaka, Dar es Salaam