Paa likiezuliwa, msimkimbilie wa kwanza kubisha hodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wakazi wenzangu wa Moshi, hasa wale ambao upepo wa masika umewaacha wakitazama mawingu wakiwa vitandani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Pasua. Nyumba yangu ya vyumba vinne niliijenga kidogo kidogo kwa mshahara na mikopo ya chama chetu cha akiba, ikanichukua miaka 11.

Mwaka jana, usiku mmoja wa mwezi wa nne, upepo uliezua upande wote wa baraza. Bati 12 ziliondoka na mbao zake. Asubuhi nilizikuta zimelalia migomba ya jirani, nyingine zimekunjika kama karatasi.

Hata saa nne haijafika, vijana wawili wa pikipiki walikuwa getini. Walivaa fulana zenye jina la kampuni, wana daftari, na kwenye simu wana picha za nyumba nzuri nzuri. Hakuna aliyewaita. Wakaniambia, "Mama, bei ya bati inapanda wiki ijayo. Ukitoa kianzio leo tunakushikia." Wajukuu wangu wawili walikuwa wamelala jikoni, magodoro yameloa, na mlima umeshafunikwa tena na wingu. Nikatoa shilingi 800,000. Sikuomba kitambulisho, sikuuliza wamepaua nyumba ya nani.

Walirudi siku ya tatu. Wakaokota mbao zilezile zilizoanguka, wakazirudishia, wakagongelea bati mpya, na kabla ya adhuhuri wakawa wamemaliza. Mimi nikaona ule wepesi ndio ufundi. Vuli ilipoanza, maji yalishuka ukutani mpaka kwenye swichi ya taa. Nikazima swichi kuu, tukakaa gizani siku mbili mpaka fundi umeme alipokuja kukagua nyaya. Simu za wale vijana hazipatikani mpaka leo.

Fundi aliyenitoa kwenye shida nilielekezwa na mama mmoja wa Kiboriloni, ambaye paa lake limepita masika manne bila kudondosha tone. Alipofika aliamkia, akaomba ngazi, akapanda. Bati hakuzitazama. Alipapasa pale kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, inapokutana na ukuta, akatingisha, kenchi ikacheza mkononi mwake kama jino bovu. Akaniuliza kama nilitunza misumari iliyochomoka mara ya kwanza. Nilikuwa nayo, kwenye kopo la maziwa ya unga. Akaimimina kiganjani: misumari ya inchi nne, imenyooka kama ilivyotoka dukani.

"Mwalimu," akasema, "bati halina kosa hapa. Kenchi zako zimekalia ukuta tu, hazijafungwa. Kila moja ilishikwa na misumari miwili, na wale waliokuja juzi wamepiga miwili vilevile, kwenye matundu yaleyale."

Nilifundisha sayansi darasa la sita kwa miaka mingi, lakini siku hiyo ndiyo nilielewa upepo unafanya nini juu ya nyumba. Haulikandamizi paa. Unapopita juu yake kwa kasi unalivuta kwenda juu, na ule unaoingia chini ya baraza unalisukuma kutokea tumboni. Ndiyo maana baraza na kingo za paa huwa za kwanza kuondoka. Kinacholibakiza paa mahali pake ni namna vitu vilivyoshikana: bati na mbao ndogo za juu, mbao hizo na kenchi, kenchi na mbao ya ukutani, na mbao ya ukutani na lenta (ule mkanda wa zege unaozunguka kuta), kwa vyuma au waya mnene uliozikwa ndani ya zege. Mtu akikuwekea bati la gharama kubwa na kenchi haijafungwa, siku upepo ukija utabeba bati la gharama kubwa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa fundi yeyote sasa ni hili: kenchi utaifunga na nini? Anayejua kazi atapanda akuonyeshe kwa mkono. Anayeanza kukuchagulia rangi ya bati, mshukuru kwa kuja, mfungie geti.

Swali la pili ni paa gani alilipaua zamani. Nasema zamani kwa makusudi. Paa la mwezi uliopita linang'aa kwa kila fundi. Omba akupeleke kwenye nyumba iliyopitiwa na masika mawili au zaidi, kisha ongea na mwenye nyumba, fundi asiwepo. Inua macho utazame dari kama ina madoa ya maji. Ukiwa nje tazama misumari: ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita, na raba zake ziwe zimekaa vizuri, hazikupondwa kwa nyundo. Uliza pia bati zilikatwa na nini. Grinda inaunguza rangi na zinki pale ukingoni, na kutu huanzia hapohapo. Mkasi wa bati ni wa polepole lakini hauachi kidonda.

Kuhusu vifaa, nunueni wenyewe. Nendeni na fundi kwenye duka la hadiwea, achague, lakini hela itoke mkononi mwenu iingie mkononi mwa muuzaji, mpewe risiti ya mashine iliyoandikwa geji, yaani kipimo cha unene wa bati, na idadi. Geji namba ikiwa ndogo bati ndilo nene: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Wengi wetu tunadhani kinyume, na kuna watu wanaishi kwa kosa letu hilo. Someni maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe, tafuteni nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, msikubali kuelezwa kwa mdomo. Wale vijana mimi waliniambia 28. Fundi wa pili alilipinda pembeni kwa vidole viwili.

Hela ya ufundi igawanywe. Mimi na fundi wa pili tuliandikiana karatasi moja mbele ya mwenyekiti wa mtaa: kazi gani, siku ngapi, namba ya kitambulisho chake cha NIDA, na malipo mara tatu. Sehemu ya mwisho aliichukua baada ya mvua kubwa mbili kunyesha, na sharti hilo alilitaja yeye kabla sijalifikiria.

Najua mtaniambia mvua haisubiri karatasi. Ni kweli, ndiyo maana nasema nunueni turubai kwanza. Turubai zuri, likifungwa kwa kamba na kuwekewa viroba vya mchanga, linawapa wiki mbili za kufikiri. Mimi ningekuwa na hizo wiki mbili, ile laki nane ningekuwa nayo.

Kuna suala la usajili. Kampuni ikijiita mkandarasi, jina lake liwepo kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ambayo huwapanga kuanzia daraja la kwanza hadi la saba. Ulizeni huko kabla ya kutoa hata senti. Fulana yenye jina si usajili. Lakini tuseme ukweli, nyumba nyingi za Pasua, Njoro na Majengo hazipauliwi na makandarasi wa daraja lolote. Zinapauliwa na mafundi wa mtaani, waliojifunza kwa kubeba mbao za mafundi wengine. Fundi wangu ni mmoja wao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima watu kama hawa na kuwapa cheti kwa ujuzi walionao, na ningefurahi kuona wengi wakienda.

Hapo ndipo ombi langu kwa wenyeviti na watendaji wa mitaa ya Manispaa ya Moshi. Wekeni daftari la mafundi wa kupaua katika kila ofisi ya mtaa. Jina, namba ya simu, kitambulisho, cheti kama kipo, na nyumba tatu alizopaua ambazo mtu anaweza kwenda kuziona. Mwenye malalamiko aje aandike humo, na fundi naye apewe nafasi ya kujibu. Ni daftari la kaunta moja na kalamu. Mjane, mzee, au mama mwenye watoto wachanga paa likimwondokea usiku, asubuhi awe na pa kwenda kuuliza kabla pikipiki haijasimama getini kwake.

Mkutano wetu wa mtaa ujao nitaomba jambo hili liingie kwenye ajenda. Kopo la misumari bado ninalo, nitakwenda nalo.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi